Nyuma Mnanisikia?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, ndugu wazazi na wageni waalikwa, walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, na ninyi wa mstari wa nyuma, ambao leo nawataja kwa heshima kwa mara ya kwanza: hamjambo?

Tumekusanyika kumuaga makamu wangu anayestaafu, mwalimu wetu wa matangazo, ambaye wanafunzi, wakubwa kwa wadogo, wamemwita Mama Nyuma. Nani hapa hajui asili ya jina hilo? Kila Jumatatu alipanda kibarazani, akainua mkono wa kulia, shule nzima ikanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme, kisha akauliza, "Nyuma mnanisikia?" Nyuma wasipojibu, haanzi. Tulimnunulia kipaza sauti, akakisukuma pembeni. "Hicho kinaongea na ukuta," alisema. "Mimi naongea na watoto."

Tusimfanye malaika, maana yupo hapa na ataninunia. Ndiye aliyetangaza kikao cha walimu kuwa ni cha wazazi. Wazazi wakafurika, wengine na watoto mgongoni, nasi tukaona haya kuwarudisha. Tukapiga moyo konde, tukafanya kikao hivyo hivyo, na paa la bweni la wasichana likaezekwa kwa michango ya wazazi walioletwa na kosa lile. Hadi leo anadai alikusudia.

Lakini habari mbaya hakuitangaza kamwe. Asubuhi moja alikatiza matangazo ya michezo, akamkabidhi mwalimu wa zamu karatasi zake, akashuka kati ya mistari hadi kwa binti mmoja wa kidato cha pili. Sisi tulidhani ni mambo ya sare. Akavua sweta lake, akamfunika, wakaondoka pamoja taratibu. Baba wa yule binti alikuwa amefariki, na hakuna mwanafunzi aliyeambiwa kabla yake.

Mnajua ugonjwa wa koo uliompata. Upasuaji umemwachia uhai, tunamshukuru Mungu, ila umeondoka na sauti. Nilipomtembelea kumweleza kuhusu sherehe hii, aliniandikia kwenye simu yake: "Nije kufanya nini? Nikae nikitazamwa kama saa mbovu?" Niliumia, ndugu zangu, na nikakasirika pia. Tangu lini watoto hawa walimpenda kwa ajili ya koo lake?

Kwa hiyo, Mama, bodi imekubali ombi langu. Ukiridhia, matangazo ya Jumatatu yatabaki mikononi mwako: utayaandika wewe, watoto watayasoma kwa zamu, nawe utasimama pale pale kibarazani. Na ile kazi ya kushuka kati ya mistari haikuwahi kuhitaji sauti. Jibu lako silijui, na ukaidi wako nimeuzoea. Basi niruhusu niazime swali lako.

Nyuma, mnanisikia?

Umewasikia, Mama? Hata madirisha yametikisika.

Ndugu wazazi, tazameni, amesimama. Ameinua mkono wa kulia.

Wageni wetu, nawashukuru kwa masikio yenu. Hotuba yangu ilikuwa na kurasa mbili zaidi, lakini mkono huo ukiinuliwa, hata mkuu wa shule hunyamaza.