Jumapili Aliyokunywa Chai Sajini Oldershaw kwa Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Sajini Cyril Oldershaw wa hapa kwetu Wickenford, rubani wa ndege isiyo na injini. Narudia, haikuwa na injini. Ilivutwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha ikaachiwa ishuke yenyewe, askari wamejaa tumboni.

Kabla ya vita Cyril alikuwa seremala. Mama yake, Bi Mabel, aliposikia kazi yake mpya alimwambia, "Hiyo si ndege, ni toroli."

"Toroli gani linabeba wanaume ishirini na watano, Mama?"

"Toroli bovu."

Jumapili ile ya Septemba 1944, wakielekea Uholanzi, kamba ilikatika mawinguni. Cyril akaishusha ndege kwenye shamba la viazi, maili mbili tu kutoka kwao. Hakuna aliyeumia. Akatembea mpaka nyumbani, matope hadi magotini, kuomba chai.

Bi Mabel alimvua suruali akaianika mbele ya jiko, akamfunga shuka kiunoni. Akamkatia pai ya matofaa. Chai akaitia sukari vijiko viwili, sukari ya mgao. Moyoni alikuwa akishukuru: mwanangu amerudi, vita vimempita kando.

"Basi umeshakwenda," alimwambia. "Wamekuona umekwenda."

"Kesho naruka tena, Mama. Ndege nyingine ipo."

"Sema una homa."

"Na wale watu wangu waende na nani?"

Mara lori la jeshi likafika kumchukua. Dereva akapiga honi, mara moja tu. Kikombe cha Cyril kilikuwa nusu. Sasa, mnatujua watu wa hapa: kumweka mtu nje akingoja ni aibu kubwa. Bi Mabel akamrushia suruali, bado mbichi kiunoni.

"Haya nenda, mwanangu. Usiwacheleweshe watu."

Jumatatu akaruka tena. Jumatatu hiyo hiyo akafariki. Rubani mwenzake, Sajini Leonard Pickavance, alikuja kutueleza. Cyril alitua vizuri, askari wote wakateremka wazima. Risasi ilimkuta kitini, mkanda haujafunguliwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Wiki hii nimekaa na Bi Mabel. Neno lake ni lile lile: "Nilimfukuza kwa ajili ya honi." Nikamwambia kikombe kile kisingemzuia, angekimaliza na angekwenda. Akaitikia, "Najua, dada." Kisha akaanza upya.

Bi Mabel, nanyi nyote wa ukoo wa Oldershaw, poleni sana. Nasi tunaosikiliza tujiulize ni wangapi tuliwaaga mbio mbio, tukiona haya mbele ya watu. Mlango wa Bi Mabel haufungwi kwa ufunguo. Ukipita, ingia ukae. Usimwambie ajikaze. Akianza upya, msikilize upya.