Gari Jeusi Lililoitwa Jeupe

Benchi la Bi Lamduan liko nje ya ukuta wa hekalu, ubavuni mwa kibanda chake cha kahawa, na watu wa soko huliita Bunge, kwa kuwa hapo kila jambo hujadiliwa na hakuna linalotekelezwa. Ilikuwa Aprili, siku ya ibada, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na joto lilikuwa limeamka kabla ya watu. Wajumbe walikuwa watatu. Wa kwanza Hakimu, ambaye hakuwahi kumhukumu mtu. Aliitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa kesi ya mpaka wa shamba, akatoka huko na jina. Wa pili Dokta, mstaafu wa kuchanja nguruwe. Wa tatu Chalong, tarishi wa posta kwa miaka thelathini na mbili, mtu wa maneno machache, ambaye Bunge zima lilimwita Posta. Gari jeusi, jipya, likaja kuegeshwa hatua sita kutoka kwenye benchi, kwenye kivuli cha ukuta. Mwanamke mwenye kofia pana na barakoa akashuka na mkebe wa chakula cha watawa. Kioo kimoja alikiacha wazi upana wa vidole viwili, akasema na aliyebaki ndani, "Dakika tano tu, mwanangu," akafunga milango kwa rimoti na kuingia hekaluni mbiombio. Aliyebaki ndani alikuwa mbwa.

— Mbwa wa aina ya Bangkaew huyo, mkali, — alisema Hakimu. — Tazama manyoya ya shingoni. Ukimgusa tu, anabaki na mkono wako.

— Yuko kivulini, — alisema Dokta. — Hana shida. Ana nafuu kuliko sisi.

Chalong alitazama saa iliyoning'inia juu ya birika la Bi Lamduan, kisha akatazama kivuli cha ukuta. Kilikuwa kimelifunika gari lote. Kadiri jua lilivyopanda, nacho kilikuwa kikirudi ukutani.

Alizijua dakika tano za namna hiyo. Miaka kumi na miwili nyuma, Aprili kama hii, alimwacha Tabtim, mbwa wa mkewe Pranom, ndani ya gari la kuazima mbele ya posta, akaingia kuchukua sahihi moja. Sahihi ikazaa salamu, salamu zikazaa kikombe cha chai. Aliporudi, hapakuwa na wa kumwita. Akamwambia Pranom kwamba mbwa kaumwa na nyoka. Pranom aliamini. Alifyeka majani yote nyuma ya nyumba, akaziba mashimo kwa saruji kwa mikono yake mwenyewe, na kila mwaka hupeleka chakula hekaluni kwa ajili ya Tabtim. Humwombea hata yule nyoka, asamehewe.

Dakika kumi zikapita. Mbwa akaanza kubweka.

— Bi Lamduan, — alisema Chalong, — mwenye gari hajarudi.

— Nimemwona na mkebe wa ghorofa nne, mjomba. Mwenye ghorofa nne harudi kwa dakika tano. Leo watawa wanasoma dua ndefu.

— Jua limefika kwenye boneti.

— Boneti si mbwa, — alisema Dokta. — Sikilizeni, nyie hamkusoma. Manyoya ya mbwa ni kama chupa ya chai. Chupa hutunza moto, si ndiyo? Na ukitia barafu hutunza baridi. Sasa huyu katoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Baridi yote kaibeba ndani ya manyoya. Itamtosha mpaka saa sita.

— Dokta, nguruwe wako wangapi walikufa? — aliuliza Bi Lamduan.

— Wale walikuwa na maradhi yao!

Bi Lamduan alicheka, lakini mkono wake uliokuwa ukimimina maziwa ya kopo ulisimama, na macho yake yakabaki kwenye gari. Mbwa alikuwa amepanda kiti cha mbele. Ulimi ulining'inia pembeni, mrefu, na kioo mbele ya pua yake kilikuwa kimejaa ukungu.

— Tuvunje kioo, — alisema Chalong.

Bunge likamgeukia. Posta hakuwa mtu wa kutoa hoja.

— Kioo gani? — Hakimu aliweka kikombe chini. — Kaka Posta, umeona dari ya gari hilo? Nukta za poda nyeupe, uzi kwenye usukani. Gari hilo limebarikiwa, tena juzijuzi, maana lina namba nyekundu bado. Ukilivunja unaingia kesi mbili, moja huku na nyingine kwenye maisha yajayo. Mimi mahakama naijua.

— Uliingia mara moja, — alisema Chalong.

— Mara moja ilinitosha!

— Basi mwenyewe aitwe, — alisema Bi Lamduan, akajifuta mikono kwenye kanga yake na kwenda zake getini, kwenye kibanda cha mtangazaji. Punde sauti ikajaa uwanja mzima kutoka kwenye vipaza sauti: mwenye gari jeusi lililoegeshwa ukutani, karibu na kibanda cha kahawa, afike upesi.

Wakangoja. Watu walikuwa mamia, wote wameketi na mavazi meupe, na uso wa yule mwanamke hakuna aliyeuona nyuma ya barakoa. Hakutoka mtu. Tangazo likarudiwa, safari hii na namba. Nani huikariri namba nyekundu, ambayo ni ya muda tu? Hakutoka mtu.

— Kiziwi, — alisema Hakimu.

— Au kaiba gari, — alisema Dokta. — Sasa yote yanaeleweka! Mwizi hawezi kuitika. Na mbwa si wake, ndiyo maana anabweka.

— Mwizi anapeleka chakula kwa watawa?

— Ndiye mwenye dhambi nyingi za kufuta, Hakimu. Wewe unadhani walioko mle ndani wamefuata nini?

Chalong alikuwa ameshanyanyuka. Alilizunguka gari, akaugusa mlango, mkono ukaruka. Mbwa alimfuata kwa macho na kukwaruza kioo kwa kucha. Saa ilisema saa nne na dakika tano. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na stika, maandishi ya dhahabu. Akainama, akaisoma mara mbili.

— Njooni muone, — aliita. — Imeandikwa, gari hili ni jeupe.

Hapo hakuna aliyeshangaa. Mnajimu akikwambia rangi nyeusi haipatani na siku uliyozaliwa, na gari umeshalinunua, unabandika stika ya rangi uliyoelekezwa, mambo yanaisha. Nusu ya magari ya mji huo yanakanusha rangi yake.

— Ndiyo maana haitiki, — alisema Chalong. — Kajizoeza. Kwake hilo ni jeupe. Wanatangaza jeusi, anaona wanamwita mwingine. Bi Lamduan, nenda useme jeupe.

— Ngoja kwanza, — Hakimu aliinua kidole. — Leo siku ya ibada. Asubuhi wote tumeweka ahadi tano mbele ya watawa, na ya nne ni kutosema uongo. Sasa unataka mtangazaji aseme jeusi ni jeupe, kwa kipaza sauti, ndani ya hekalu?

— Si uongo kama limeandikwa, — alisema Dokta. — Na kama ni jeupe, basi hakuna joto! Rangi nyeupe inarudisha jua. Mnajimu kashamaliza kazi, mbwa yuko salama.

— Jua linasoma stika? — aliuliza Bi Lamduan.

— Wewe unapinga elimu ya nyota?

— Napinga wewe!

— Aseme "gari linaloitwa jeupe", — alipendekeza Hakimu. — Hapo hajadanganya.

— Au "gari lenye weupe wa kuandikwa", — alisema Dokta.

— Weupe wa kisheria.

— Bi Lamduan, nenda, — alisema Chalong. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimebaki wembamba wa mkanda chini ya magurudumu. — Sema jeupe. Dhambi iandike kwangu.

Bi Lamduan alikimbia, naye alikuwa hajakimbia tangu afikishe miaka hamsini.

Ndipo mbwa akanyamaza.

— Afadhali, — Dokta alipumua na kurudi kwenye kikombe chake. — Si nilisema? Kashalizoea joto. Kalala.

— Kalala, — alikubali Hakimu. — Hata mimi ningelala.

Hapo alikuwa amefika mwanamke wa kuuza tiketi za bahati nasibu, Bi Wilai, na baiskeli yake yenye sanduku la tiketi mbele. Alisimama kuomba maji. Aliona wanaume wawili wamekaa na mmoja amesimama, amekiweka kiganja kwenye kioo, uso umekosa rangi.

Chalong alikuwa anausikiliza ule ukimya. Hata Aprili ile, alipotoka posta, kabla hajafika kwenye gari, ndio uliomlaki. Naye alijiambia neno lile lile: kalala. Alilisema mpaka alipofungua mlango.

Alikwenda kibandani, akachukua nyundo ya barafu ya Bi Lamduan, ile ya mpini wa mkaratusi, akarudi.

— Posta, ahadi ya pili, mali ya mtu! — Hakimu alisimama. — Mimi nitaitwa ushahidi!

— Ukiitwa, nenda kaseme.

Alipiga kioo cha mlango wa nyuma, upande usio na mbwa. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili kioo kikageuka chembechembe na kumwagika. Hewa iliyotoka ilimpiga usoni kama ya tanuri la matofali. Aliingiza mkono, akafungua mlango, akamvuta mbwa kwa miguu ya mbele. Alikuwa mzito, amelegea, ulimi umekuwa wa zambarau, na hakuuma mtu.

— Barafu! — Dokta alikuja na ndoo.

— Si barafu, — alisema Chalong. — Maji ya bomba. Tumboni, na chini ya nyayo. Taratibu. Bi Wilai, mpepee kwa kifuniko cha hilo sanduku.

Walimmwagia maji, Dokta akiwa amepiga magoti kwenye tope. Vipaza sauti vikasema: mwenye gari jeupe lililoko karibu na kibanda cha kahawa, mbwa wako anakufa. Haikupita dakika. Mwanamke akatoka getini bila viatu, kofia haipo, akaona kioo, akaona watu, akaanguka kando ya mbwa na kumshika kichwa.

— Mwanangu. Mwanangu, mama yuko hapa. Nilisema dakika tano. Dua ya mama yangu marehemu, ningetokaje katikati?

Mbavu za mbwa zilipanda, zikakaa, zikashuka. Zikapanda tena. Jicho moja likafunguka, ulimi ukaramba tone moja la maji kwenye kidole cha Chalong.

— Zahanati ya wanyama, sasa hivi, — alisema Chalong. — Usidanganyike na kule kuamka. Anaweza kuanguka tena.

Wakampakia. Hakimu mwenyewe ndiye aliyekaa nyuma, mbwa mapajani, juu ya chembe za kioo, na gari likaondoka madirisha wazi.

Bi Lamduan alirudi akihema. Kahawa ilikuwa imepoa kwenye vikombe vyote, na kitambaa cha kuchujia kahawa kimekauka. Bi Wilai alikunywa maji yake mpaka mwisho, akarudisha glasi.

— Mjomba, — alimuuliza Chalong, bila ubaya wowote, — wenzako walisema kalala. Wewe ulijuaje?

Dokta alimtazama Chalong. Bi Lamduan alimtazama Chalong.

Chalong aliiweka nyundo mahali pake, akachukua baiskeli yake. Bi Lamduan hununua mboga kwa dada wa Pranom hapo sokoni, na Pranom humpitia dada huyo kila siku kabla ya saa sita. Habari za Bunge zilikuwa na miguu mingi kuliko tarishi yeyote. Alikanyaga pedali juani bila kofia, akapita posta pasipo kugeuza shingo.

Pranom alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, anafyeka majani ambayo hayakuwa marefu.

— Mbona umelowa hivyo? — aliuliza. — Na mkono unatoka damu.

— Weka hilo fyekeo chini, Pranom.

— Niache nimalize. Aprili ndio wanatoka.

Chalong aliegemeza baiskeli ukutani, juu ya shimo lililozibwa kwa saruji.

— Hapakuwa na nyoka, — alisema.