Mama Mmeulizana na Mtaro Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, ongezeni sauti kidogo, na aliye jikoni aache mlango wazi asikie. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mmepita juu ya kazi yake bila kujua. Mmepita kwa miguu, mmepita kwa baiskeli, wengine mmepita mbio mmechelewa kazini. Hapo hapo mlipokanyaga, chini yake, ndipo ilipo kazi yake.

Tunamkumbuka Mama Mmeulizana. Mtaani, ofisini, hata kwa daktari wake wa meno, alijulikana hivyo. Alikuwa afisa wa vibali katika ofisi ya barabara. Narudia, maana hapo ndipo habari yote ilipo: afisa wa vibali. Kampuni ikitaka kukata lami ipitishe bomba au waya, kwanza ilipita mezani kwake.

Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mitatu, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika Jumamosi. Na niwaambie mapema msije mkashtuka: watu walicheka makaburini. Kwa nini walicheka, tutafika.

Kwanza turudi utotoni. Alikuwa mtoto wa kwanza, akafuatiwa na mdogo wake wa kike. Mdogo wake huyo ndiye mwenye saluni ya nywele inayotazamana na duka la viatu, na ukitaka habari za mji huu kabla hazijafika redioni, nenda kasuke kwake. Dada hawa walilala chumba kimoja na nguo zao zilikaa kwenye kabati moja.

"Mimi nikitafuta soksi, namwaga kabati zima kitandani," ananisimulia huyo mdogo mtu. "Dada akirudi anakuta blauzi zake kama zimetafunwa na ng'ombe. Anakunja, ananuna. Kesho yake anatafuta sketi, anamwaga zangu. Tunakamatana! Mama anaingia na mwiko mkononi. Hakuulizi nani kaanza. Anasema, 'Kabla ya kumwaga, mmeulizana?' Basi."

Neno likamganda dada mkubwa. Akawa analo kila mahali. Mwanawe wa kiume anasema yeye na baba yake waliwahi kupaka sebule rangi ya kijani kama zawadi, mama akiwa safarini. Mama akarudi, akaweka mkoba chini, akatazama kuta nne. "Wewe na huyu mtoto na hiyo rangi," akasema, "mmeulizana?" Sebule ile ni ya kijani mpaka leo. Nimekaa ndani yake juzi. Kwa kweli, wangeulizana.

Sasa twende kwenye ule mtaa wa saluni. Wasikilizaji wapendwa, mliokuwepo miaka ile mnakumbuka. Lami iliwekwa mpya, nyeusi, inang'aa. Watu wakatoka nje kuiangalia kama mtoto mchanga. Haijazoea hata kukanyagwa, kampuni ya maji ikaja na sururu. Ikakata, ikapitisha bomba, ikafukia, ikaacha kiraka. Kiraka hakijakauka, kampuni ya umeme hiyo. Ikakata, ikafukia. Kisha kampuni ya simu. Halafu maji tena, maana watu wa simu walikuwa wametoboa bomba.

Na kila mtaro ulipita wapi? Mlangoni kwa saluni. Wateja waliingia kwa kutembea juu ya ubao. Siku moja bibi harusi alitoka kichwa kimepambwa, maua yamesimama, mashoga wanapiga vigelegele. Ubao ukacheza. Bibi harusi akaingia mtaroni mpaka kiunoni. Alisukwa upya bure, na harusi ilichelewa kiasi kwamba watu walianza kusema bwana harusi ameachwa. Maneno hayo hayakuanzia kwangu.

Jioni hiyo mdogo mtu alimwendea dada yake nyumbani, matope bado viatuni.

"Dada, nani anawapa hawa watu ruhusa?"

"Ni mimi."

"Wote?"

"Wote. Kila mmoja alikuja na sababu yake, na sababu yake ilikuwa sawa."

"Basi sikiliza. Wateja wangu wanaisha. Wakiweka lami mpya halafu ikakatwa tena hata mara moja, nafunga saluni nahama mji. Na usinifuate. Sitaki barua, sitaki simu. Hiyo simu yenyewe ndiyo imenichimbia mlango."

Akaondoka. Tangu jioni hiyo hawakusemezana. Dada wawili waliokua na kabati moja, hakuna salamu. Hilo ndilo Mama Mmeulizana alilokuwa nalo kifuani asubuhi alipoingia ofisini na kukataa kutoa kibali chochote cha mtaa ule. Akazuia na lami yenyewe isiwekwe, mpaka kampuni zote tatu zikae pamoja. Mtaa ukamchukia. Vumbi likaingia kwenye vikombe, likaingia kwenye vitanda, na kila aliyepiga chafya alimtaja yeye.

Kisha akawaita wale wakuu watatu wa kampuni. Hakuwaita ofisini. Aliwaita saluni kwa mdogo wake, ambaye hasemi naye. "Kama mnataka kuuchimba mlango," aliwaambia, "ingieni kwanza ndani yake."

Wa maji alikuwa mwembamba mrefu, wakimwita Mrija. Wa umeme alikuwa mtu mwenye mwili wa kutosha, wakimwita Transfoma. Wa simu alikuwa msichana mwenye mdomo mwepesi, Binti Waya. Mrija alivuka ubao kama hayupo. Transfoma alipoweka mguu, ubao ukalia.

"Pita upande upande, baba!" wateja wakampigia kelele kutoka ndani.

"Nikianguka mimi," akajibu jasho likimtoka, "mtaa wote giza."

Viti vilivyokuwa wazi ni vile vya chini ya draya. Wakakaa hapo hapo, watu wazima watatu, mabakuli ya draya yamening'inia juu ya vichwa vyao kama helmeti. Mteja mmoja aliyesukwa nusu kichwa aliombwa apishe kikao. "Mimi sitoki," akasema. "Kichwa nusu niende nacho wapi?" Akabaki. Mwenye saluni naye alisimama pembeni, chanuo mkononi, bila neno kwa dada yake.

Mrija alianza. "Sisi hatukukosea. Tulichimba pale ramani inaposema. Tunapima kutoka ukingoni mwa barabara."

"Na sisi ukingoni," akasema Transfoma.

"Sisi pia," akasema Binti Waya. "Ukingoni, tena kwa usahihi, si kama watu fulani."

"Sasa kama wote mko sahihi," akauliza yule wa nusu kichwa, "mbona mnatoboana?"

Mama Mmeulizana akaenda mlangoni, akatazama barabara, akawageukia. "Ukingo upi?" akauliza. "Wa zamani au wa sasa?"

Wakatazamana. Mnaelewa, wasikilizaji wapendwa? Barabara ile ilikuwa imepanuliwa, kisha ikapanuliwa tena. Watu wa maji, kwa ramani yao ya zamani, walipima kutoka ukingo wa kwanza. Watu wa umeme wakapima kutoka ukingo wa pili. Watu wa simu, ukingo wa tatu. Kwenye makaratasi, kila mmoja yuko mbali na mwenzake. Chini ya ardhi wamelaliana. Ukingo ulihama, na hakuna aliyeambiwa.

"Na nani alikuwa akiuhamisha?" akauliza Mrija taratibu, kwa adabu ya mtu aliyekwisha kujua jibu.

"Ofisi yangu," akasema Mama Mmeulizana. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika draya asianguke. "Jamani! Miaka yote nawauliza ninyi mmeulizana, kumbe mimi sijawaambia kwamba barabara imenenepa!"

Saluni nzima ikacheka. Transfoma akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye bakuli. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Mmemaliza?" akasema mwenye saluni. "Ubao wangu bado uko mlangoni."

Ndipo dada yake akachovya kidole kwenye povu la shampuu, akachora kwenye kioo kikubwa. Mstari, mstari, mstari. "Hili ni kabati," akasema, na mdogo wake akaacha kuchezea chanuo. "Maji rafu ya chini. Umeme rafu yake, na mchanga katikati. Simu juu. Pembeni tunaacha mabomba matupu ya watakaokuja kesho. Mtaro mmoja, unafunguliwa mara moja, wote mkiwamo. Vipimo vinaanzia kwenye kuta za nyumba, maana kuta hazitembei. Na mimi nikisogeza barabara hata kidogo, nawaambia wote siku hiyo hiyo."

"Na atakayetaka nguo yake baadaye?" akauliza Binti Waya.

"Atavuta kutoka rafu yake. Hamwagi za mwenzake kitandani."

Haikwenda laini. Mrija na Transfoma waligombana nani aanze kushuka, wakagombana na mchanga, wakagombana hata na katapila. Lakini waligombana ndani ya mtaro mmoja. Kila jioni Mama Mmeulizana alipita na mwavuli wake, akachungulia chini, akauliza neno lake lile lile. Sauti tatu zikajibu kutoka shimoni, "Tumeulizana, mama!" Mdogo wake alimwona kupitia dirishani. Hakutoka.

Mtaro ukafukiwa. Lami ikawekwa. Safari hii hakuna aliyetoka kuishangilia, maana walikwisha dhihakiwa mara nyingi.

Kisha, miezi ikapita, wakaja watu wa simu. Walihitaji kuongeza waya. Gari likasimama mbele ya saluni. Mwenye duka la viatu akatoka nje, muuza magazeti akasimama. Mwenye saluni alikuwa mlangoni, na wateja wake wanasema alikwisha vua aproni. Ndani, maboksi ya kuhamia yalikuwa tayari.

Binti Waya akashuka. Akafungua mfuniko wa chemba ya huku, lile shimo dogo la kuyafikia mabomba. Fundi wake akafungua chemba ya kule, mwisho wa mtaa. Wakasukuma kamba kwenye bomba tupu, wakafunga waya, wakavuta. Waya ukapita chini ya barabara nzima, chini ya mlango wa saluni, ukatokea upande wa pili. Wakafunika. Lami haikuguswa hata kwa ukucha.

"Mmemaliza?" akauliza mwenye saluni.

"Tumemaliza, shangazi."

Alisimama akitazama barabara yake. Kisha akamwambia yule binti, "Ukifika ofisini kwa dada yangu, mwambie nywele zake zinatia aibu. Aje nimsuke."

Alikuja siku hiyo hiyo. Alisukwa hapo kila baada ya wiki mbili, mpaka mwaka huu. Na ule ubao? Umewekewa miguu, ni benchi la wateja wanaosubiri. Msibani uliletwa, maana viti havikutosha. Nyumba ilijaa mpaka uani, sebule ya kijani haikuwa na pa kuweka kikombe, na Transfoma, mstaafu sasa na mwili haujapungua, aliukalia mwishoni kabisa. Ukalia vile vile.

Sasa makaburini. Sala zimekwisha, ni wakati wa kufukia. Wale watatu walikuwa wameomba waanze wao. Mrija akachukua koleo. Transfoma akachukua koleo. Binti Waya, ambaye sasa ana wajukuu, naye akachukua. Wote wakainama kwenye rundo moja la udongo kwa wakati mmoja, makoleo yakagongana, kaa!

Mdogo mtu aliinua kichwa. Macho yamevimba, kitambaa mkononi. Akawatazama.

"Mmeulizana?"

Wasikilizaji wapendwa, makaburi yalicheka. Yalicheka na kulia pamoja. Wakasogea, wakapeana zamu, mmoja huku, mmoja kule, mmoja miguuni. Na mdogo wake akasema kwa sauti ambayo wengi wetu tuliisikia, "Fukieni vizuri. Huyu hafunguliwi mara ya pili."

Kwa mdogo wa marehemu, kwa mwanawe, kwa wajukuu, kwa wenzake wa ofisi ya barabara na wote waliowahi kushuka kwenye ule mtaro, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiangalie. Kuna jirani unayetaka kuweka uzio mpakani kwake. Kuna ndugu ambaye mna kabati moja na hamsemezani. Kesho asubuhi, kabla hujashika sururu yako, mgongee mlango. Akifungua, mwambie umetumwa na Mama Mmeulizana.