Tazama Tena, Fundi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi saa. Mwenye birika la kahawa ni Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Kushoto kwake hukaa Brashi, mng'arisha viatu, na sanduku lake la rangi na matambara. Kulia ni pa Mzee Barua, tarishi mstaafu, ambaye kwa miaka thelathini alijua kila mlango wa mtaa na mbwa wa kila mlango. Fundi Saa mwenyewe hukaa kizingitini pake, nusu ndani nusu nje, lenzi yake ndogo ya jicho mfukoni mwa shati. Siku nyingine wangekuwa wanabishana juu ya mpira. Asubuhi hiyo walikuwa wamekiinamia kiboksi cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti. Ndani yake mlikuwa na sarafu moja ya fedha, kichwa cha mfalme wa zamani kinang'aa kama kijiko kipya.

— Sitini na saba kwa sabini! — Redio alisoma kikaratasi chenye mhuri kilichofungiwa humo ndani. — Mzee Barua, shuleni ulishawahi kupata alama kama hizo?

— Shuleni sikuwapa cherehani, — Mzee Barua akajibu, wala hakucheka.

Kicheko kilikuwa kimemkauka tangu jana. Cherehani ya marehemu mkewe, ile ya miguu ya chuma, alikuwa amempa muuza sarafu wa barabara ya juu, akapewa hicho kiboksi na maneno matamu: ndani ya mwaka mmoja kitanunua cherehani tatu. Jana akakipeleka kwa mnunuzi mwingine, upande wa pili wa mji, apate kujua kimepanda kiasi gani. Yule akaitazama sarafu kidogo tu, akamrudishia. Haifiki hata sitini, alisema, na bei yake haitoshi hata kiti cha kukalia mshonaji.

— Sharti lao ni siku saba, — Mzee Barua akasema. — Ukikirudisha kikiwa hakijafunguliwa, unapewa chako. Leo ndiyo ya saba, na saa sita wanafunga duka. Binti yangu amesema atanipitia hapa twende naye.

Fundi Saa alijitia hamnazo. Alikuwa ameshika saa ya mtu, anaifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Ile sitini na saba ilikuwa yake. Miezi mitano sasa, kila Jumamosi jioni, yule muuza sarafu alimletea sinia la sarafu lililofunikwa kitambaa, azipime na kuzipa alama. Wewe una jicho, alimwambia siku ya kwanza, na Fundi, ambaye hakuna aliyewahi kumsifia kitu zaidi ya subira, alivimba kichwa. Huyu mfalme aliletwa mwezi uliopita. Fundi aliweka lenzi jichoni, akaona mikwaruzo myembamba inazunguka shavu zima: mtu alikuwa ameisugua sarafu kwa kitambaa ili ing'ae, na sarafu iliyosuguliwa haipati alama za juu. Akasema hamsini na tano. "Tazama tena, fundi." Akasema sitini na moja. "Tazama tena, mwanga wa hapa mbaya." Akasema sitini na saba, akapewa bahasha yake, akanunulia familia nyama. Sarafu haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni yeye, na alijua, na ilimuuma.

— Nyie hamuelewi biashara, — Redio alianza, akimimina kahawa. — Huyo wa jana kakudanganya makusudi, Mzee. Anataka umuuzie bei ya kutupa.

— Si nilikuwa naye uso kwa uso?

— Ndiyo maana! Hawa wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Leo mimi nakuuzia kumi, kesho wewe unaniuzia ishirini, keshokutwa mimi thelathini. Sarafu ni ileile, iko kwenye droo ileile, haijatoka hata kupunga upepo.

— Na wa mwisho anamuuzia nani? — Brashi akauliza.

— Tarishi mstaafu, — Mzee Barua akasema.

Redio akaliinua birika, akaliweka tena.

— Sikilizeni. Bei si ya sarafu, bei ni ya plastiki. Kitu kikifungiwa, mtu akakatazwa kukigusa, lazima kiwe ghali. Hata kahawa hii, ningeitia kwenye kiboksi na mhuri...

— Ingekuwa na ladha, — Brashi akamkatiza.

— Nawaambia kuna mashine! Kubwa kama nyumba. Inaivuta pumzi sarafu, inajua imeshikwa na mikono ya watu wangapi, na kama mmoja wao alikuwa mwizi, inapunguza alama. Sasa Mzee, wewe una sitini na saba. Umepungukiwa tatu tu. Tatu hizo ni nini? Uchafu! Na hapa tumekaa na nani?

Wote wakamgeukia Brashi.

Brashi alinyoosha mgongo. Ndani ya sanduku lake alikuwa na kopo la dawa ya shaba, ile anayong'arishia vifungo vya mikanda ya walinzi wa benki. Alilitoa taratibu, akachagua tambara laini.

— Dakika mbili tu, Mzee. Mfalme atajiona uso wake.

— Na nikikifungua, dukani watakipokea?

— Utakirudisha cha nini kikishakuwa sabini? — Redio akasema. — Utawapandishia bei wao!

Mzee Barua alikisukuma kiboksi, akakivuta, akakisukuma tena. Mtu anayezama hachagui cha kushika, na Mzee alikuwa anazama. Mwishowe akaitikia kwa kichwa. Brashi akaingiza ncha ya kisu kwenye mshono wa plastiki.

Fundi aliliona jambo lote kwa mara moja, kama anavyoiona saa iliyofunguliwa mgongo. Kiboksi kikifunguka, duka halitakipokea. Tambara la Brashi likipita, mikwaruzo ya zamani itamezwa na mipya, na hakuna jicho duniani litakaloweza kusema ipi ilitangulia. Lawama zote zitaishia kwa Brashi na dawa yake ya vifungo. Yeye hatatajwa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu, afute kioo. Na akakaa, aibu imempanda hadi masikioni.

— Shikamooni wazee.

Alikuwa binti wa Mzee Barua, futi ya kitambaa bado shingoni, ametoka mbio kwa mwanamke anayemfundisha kushona.

— Marahaba, binti yangu, — Mzee akajibu, hakumtazama machoni.

— Baba, mbona kisu?

— Tunaiongezea alama, mwanangu, — Redio akaeleza. — Iko sitini na saba.

Binti akainama, akakisoma kikaratasi kupitia plastiki, mbele kisha nyuma.

— Aliyeipima ni nani?

— Mashine, — akasema Redio.

— Wataalamu, — akasema Mzee Barua.

— Wana jina? Mbona hapa kuna mhuri tu? Mtu akishona gauni vibaya tunajua pa kumpata. Huyu tukitaka kumuuliza, tunamuulizia wapi?

Kisu cha Brashi kilisimama mshononi. Binti akamgeukia fundi.

— Baba mdogo, wewe una lenzi. Hujui?

Fundi alinyanyuka. Alinyoosha mkono akaushika ule wa Brashi, akakitoa kisu polepole. Akakichukua kiboksi kikiwa bado kizima, akaweka lenzi jichoni, akamtazama mfalme kupitia plastiki.

— Hamsini na tano, — akasema.

— Umejuaje haraka hivyo? — Brashi akashangaa.

— Ndivyo nilivyoiona mara ya kwanza.

Ilichukua muda kidogo neno hilo kuwaingia. Lilimwingia binti kwanza, kisha baba yake. Mzee Barua alikipokea kiboksi, akakitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

— Nitakwenda nanyi dukani, Mzee, — Fundi akasema. — Niyaseme haya mbele ya muuza sarafu. Asipokipokea, nitakwenda kuyasema sokoni.

— Twende basi, — akasema binti. — Tumebakiwa na muda gani?

Mzee Barua aliinua mkono kutazama saa yake, ile aliyotengenezewa na Fundi mwezi uliopita. Akaitazama sana. Kisha akaushusha mkono, akamgeukia Redio:

— Hebu nitazamie wewe. Saa ngapi sasa?

Redio akatazama yake, Brashi akatazama yake, na hakuna aliyejibu. Saa zote za kijiweni pale zilikuwa zimepita mikononi mwa Fundi.