Kiti cha Kijani cha Kocha Haugstad

Kwa niaba ya Idara ya Michezo ya Chuo cha Brandvold, na kwa uzito wote unaostahili, tunawatangazia wafanyakazi, wanafunzi na wahitimu kwamba kiti cha plastiki cha rangi ya kijani, chenye mguu mmoja uliofungwa waya, kimeondolewa kwenye uwanja wa mazoezi na kitahifadhiwa ndani ya kabati la vikombe vya ushindi. Aliyekuwa akikikalia, Kocha Verlyn Haugstad, anastaafu tarehe 31 Mei baada ya kuifundisha safu ya mbele ya timu yetu ya futiboli ya Kimarekani kwa miaka thelathini na minne. Tumeona si vizuri kumuaga mmoja tukamsahau mwenzake.

Safu ya mbele, kwa faida ya wenzetu wa Idara ya Muziki, ni wale vijana watano wanene wanaoinama mbele ya mrushaji wa mpira ili wapinzani wasimvunje mbavu. Mpira wenyewe hawaushiki. Wakifanya kazi vizuri hakuna anayewataja. Wakikosea mara moja, uwanja mzima unajua wanaitwa nani. Kocha aliwahi kuwa mmoja wao, na mpaka leo akipita mlangoni hupita upande upande.

Alikuja kutoka shule ya sekondari alikokuwa akifundisha hesabu, akasema atakaa misimu miwili. Tangu hapo tumekuwa na makocha wakuu saba. Kila mmoja alifika na kitabu kinene cha mbinu na maneno yake mapya. Haugstad aliwapa wote mkono, akawaonyesha bomba gani la bafuni hutoa maji ya moto, kisha akarudi kwa Ng'ombe.

Ng'ombe ni toroli la chuma la kusukumwa mazoezini, lisilo na magurudumu, lililopewa jina hilo kwa sababu haliendi unakotaka. Kwa desturi ya Kocha, kijana wa safu ya mbele hachezi mechi hata moja mwaka wake wa kwanza. Anamsukuma Ng'ombe, na Kocha yuko juu yake, kwenye kile kiti kilichofungwa kwa kamba, akila viazi na nyama ya kusaga alivyookewa na mkewe, Bi Arlys, huku akitazama miguu. Miguu tu. Sura za vijana huzisahau, lakini akiona alama ya kiatu kwenye matope anakutajia mwenyewe na mwaka aliohitimu.

"Kocha, unazidi kunenepa," kijana mmoja aliwahi kulalamika, pua ikiwa karibu kugusa majani.

"Ni kazi yangu hiyo," alijibu. "Yako ni kusukuma."

Si kila mtu aliipenda desturi hiyo. Kocha mkuu wetu wa tano, ambaye tutamwacha na amani yake, aliiona ni uvivu uliopewa kiti. Akaja na mtu wake wa safu ya mbele, akampeleka Haugstad kugawa kofia ngumu stoo, na akawaingiza wageni wa mwaka wa kwanza uwanjani moja kwa moja. Kufikia wiki ya tatu mrushaji alikuwa amevunjika mtulinga. Tulipoteza mechi tisa kati ya kumi, na ile ya kumi tuliokolewa na mvua.

Haugstad hakulalamika. Ila vijana waliokwenda stoo kubadilisha kamba ya kofia walianza kukawia huko. Ungepita ungewakuta wameinama kati ya rafu, wamepanga foleni kama posta. Mmoja wao alikuwa Tavita Faleolo, ambaye tayari alikuwa amefunga mabegi ahamie chuo kingine.

"Mguu wako wa kushoto una haraka kwa sababu unaogopa," Kocha alimwambia. "Nipe mwaka mmoja niutulize."

Tavita akafungua mabegi. Msimu uliofuata kocha mkuu aliondoka na mtu wake, kiti kikarudi juu ya Ng'ombe, na miaka miwili baadaye vijana watano waliojifunzia stoo wakatuletea ubingwa wa ligi. Ndicho kikombe kikubwa mnachokiona kabatini.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini Kocha aliahirisha kustaafu mara mbili. Hakuogopa kukaa nyumbani. Aliogopa kwamba akiondoka, yale ya stoo yatarudi na watakaoumia ni vijana. Kocha mkuu wa sasa, Curt Devries, alikuwa na orodha ya watu watatu wa kumrithi, wote kutoka nje, wote wenye sifa kubwa. Tavita, msaidizi wa Haugstad kwa miaka sita, hakuwemo.

Mwezi Machi Haugstad alimwalika Devries mazoezini, akampandisha juu ya Ng'ombe na kumkabidhi bakuli.

"Nifanye nini?" Devries aliuliza.

"Kula. Tazama miguu."

Tavita aliwasukumisha vijana nusu saa nzima. Devries aliacha kula. "Wote wanakanyaga namna moja," alisema.

"Wa mwaka wa nne wanamfundisha wa kwanza. Tavita anamfundisha wa nne. Ukileta mgeni, bosi, mnaanza wote kujifunza kutembea, na mrushaji wako ana mabega mawili tu."

Orodha haikuonekana tena. Tavita anaanza kazi Juni mosi. Alipopewa habari aliuliza jambo moja tu, nani atapika viazi. Bi Arlys amejibu kwamba yeye hajastaafu.

Kocha Haugstad, asante kwa mabega yote yaliyohitimu yakiwa mazima, na kwa kutufundisha kwamba timu haiokotwi dukani kila Agosti msimu ukikaribia. Tunakuombea asubuhi ndefu, magoti yasiyouma, na mahali pazuri pa kukaa.

Taarifa hii ikiwa tayari kwenda kuchapwa, fundi alipima kabati la vikombe. Lina kina cha inchi kumi na nne. Kiti kina inchi ishirini na mbili, na kimerudishwa juu ya Ng'ombe.