Majokofu Sita Mahali pa Kitanda Changu

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka nisilazimike kupaza sauti, maana iliyobaki ni kidogo na nina mengi ya kuitumia. Wewe mkubwa, keti hapo miguuni nikuone vizuri; na wewe Katibu, binti yangu, kaa huku kichwani unishike mgongo ukiona nateleza. Mwalimu, jirani yangu, asante kwa kuja na kalamu. Andika ninayosema kama ninavyoyasema, usininyooshee lugha, watu wasije wakadhani nilikufa msomi.

Jana mchana mtu alinipima. Nilikuwa kitandani hapa, macho nimefumba kwa ajili ya mwanga wa dirishani, wala si kwa usingizi, nikasikia mlango, nikasikia viatu vya mtu asiyejua ni ubao upi wa sakafu hii unaolia, kisha nikasikia utepe wa kupimia ukivutwa, krrr, kutoka ukutani hadi utosini kwangu. Nikajiambia, aha, huyu ni fundi wa jeneza, wanangu wana haraka lakini angalau wana mpango. Nikanyoosha miguu ili nisije nikapunjwa. Yule mtu akapima upana wa chumba, akapima mlango, akapima kitanda nami niko juu yake, kisha akamwambia aliyesimama nyuma yake, "Kitanda kikiondoka, hapa yanakaa majokofu sita." Na wa nyuma akajibu, kwa sauti ninayoijua tangu ikiwa kilio cha kwanza, "Saba, tukivunja ukuta."

Mkubwa, usiitazame dari, dari haikusema kitu. Ulikuwa wewe. Nimezika mume, nimeona ghala langu likiungua na sabuni yote ikaenda na maji ya zimamoto hadi mtaa mzima ukatoka povu, na bado sijawahi kushtuka kama jana. Sikufumbua macho, kwa sababu niliogopa kwamba nikiyafumbua nitakuona.

Mwalimu, waandikie watakaosoma baadaye wasipotee. Mtaa huu una maduka saba na kila duka lina kitu chake. Mimi ni wa sabuni, na watu wameniita Mama Sabuni mpaka jina langu lenyewe likajiuzulu. Wa mkate ni Tanuri, mwokaji wa ng'ambo ya barabara. Wa misumari yupo, wa nafaka yupo, wa madaftari yupo. Mtu akiingia kwangu akataka misumari, simwambii nitaagiza. Namtoa mpaka kizingitini na kumwonyesha mlango wa tatu kushoto. Ndivyo tulivyoishi miaka arobaini, tukielekezana wateja, na hakuna aliyejenga ghorofa wala aliyefunga duka.

Ndipo ikaja kampuni ile yenye maduka kila mji, yanayofanana kama vifaranga, ikataka kuangua jingine hapa kwetu. Tukakutana kwa kinyozi, wawili vitini na wengine wima mbele ya vioo, hata tukajiona tuko wengi mara mbili. Wakanichagua mwenyekiti, binti yangu akawa katibu, na jina hilo likamganda. Tukapita nyumba kwa nyumba tukiomba sahihi, tukapanda ngazi ambazo magoti yangu hayajanisamehe, tukaandika pingamizi na kulipeleka ofisi ya vibali. Tulikuwa na hakika ya kushinda. Bibi wa nafaka alikwisha kushona kitambaa cha kuvaa siku ya ushindi.

Juzi Katibu akarudi na jibu, uso umempauka. Pingamizi limekataliwa. Kumbe mkaguzi alipita mtaani kimya kimya, hakujitambulisha, mkononi ana orodha ya bidhaa saba, na kila duka aliloingia aliuliza zote saba. Na kila duka likamjibu kwa adabu zetu za siku zote: hiki hapa hakuna, kapate kwa jirani. Naye akienda kwa jirani hakwenda kupata, alikwenda kuuliza orodha upya. Akaandika kwamba maduka ni saba, na kila duka linakosa bidhaa sita, kwa hiyo wakazi wana shida kubwa na duka la kampuni litakuwa mkombozi. Sisi tulioshibishana miaka arobaini tumeandikwa kama watu waliozingirwa na vita.

Nilicheka, wanangu. Mtu akishtuka sana hucheka. Kisha Katibu akageuza ukurasa, akasita. Nikamwambia soma, mama, mimi si yai. Akasoma: "Muuza sabuni wa kwenye kona, ambaye anaonekana kuheshimika, alieleza kuwa mtaa huu hauna mkate unaoweza kuliwa na binadamu."

Mwalimu, kalamu imesimama. Andika. Ni mimi.

Nilimkumbuka papo hapo yule bwana, shati jeupe, begi kwapani. Aliniuliza mkate. Kumwelekeza kwa Tanuri kulihitaji kidole kimoja tu, na kidole hicho kwa miaka kumi na minne sikukielekeza ng'ambo ile. Mnajua kisa, lakini mmekijua kwa mdomo wangu, sasa kisikieni kilivyokuwa. Baba yenu alipofariki nilifunga duka wiki tatu. Mtaa ukakosa sabuni, na Tanuri akaleta katoni moja, akaiweka dirishani pake kati ya mikate. Nilipofungua, aliniletea iliyobaki pamoja na hesabu ya kila kipande alichouza. Nami nikamwambia mbele za watu kwamba yeye ni fisi aliyesikia kilio akaja na sahani. Aliiweka katoni kizingitini, akavuka barabara, na tangu siku ile hajanitazama. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Wangu umeuponza mtaa mzima, wakati mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikigonga meza kwa kinyozi nikihubiri mshikamano. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wetu ana cheti cha usajili.

Katibu, nipe maji. Kidogo tu.

Rufaa imebakiza siku tisa. Mwalimu, ukimaliza niweke dole gumba, na karatasi hii iende ofisini ikisema mwenyekiti alisema uongo. Mkate wa Tanuri unaliwa. Nimeula mimi miaka yote hii, kwa sababu binti yangu ananiletea akidai umetoka mtaa wa pili, nami nikajifanya naamini, ili nisikose. Na safari hii mkaguzi akija, mmoja wenu amshike mkono amtembeze maduka yote saba, asimwachie mpaka orodha yake iishe.

Sasa nyumba. Kibali wanacho, lakini bidhaa zao huja kwa lori refu, na lori refu halipindi kuingia hapa mpaka ncha ya kona yetu ikatwe; chumba kinachobaki ndicho cha majokofu yao. Ndiyo maana walikufuata wewe, mkubwa, hawakunifuata mimi. Jana jioni nilipokuuliza kwa nini, ulisema umechoka kunuka sabuni, kwamba shuleni walikuita Povu, na kwamba hukuwahi kuitaka kona hii hata siku moja. Hilo lilinishtua kuliko utepe. Nilidhani unaipenda harufu. Nilikurithisha jambo bila kukuuliza, na wewe ukaanza kuliuza bila kuniuliza. Tumefanana, mwanangu, usikatae.

Basi sikilizeni mgawo. Vyumba vitatu vya nyuma pamoja na ua ni vyenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Duka na mali iliyomo ni ya Katibu. Wewe mkubwa nakufungua: nenda kafanye kazi utakayo, unuke utakavyo. Na chumba hiki cha mbele, chenye kona, chenye kitanda hiki, nampa Tanuri.

Msitazamane. Akili yangu iko sawa, Mwalimu shahidi. Wewe mkubwa, kampuni ikikubembeleza utalainika, na Katibu ana huruma, siku ukirudi na shida atatia sahihi kwa ajili yako. Lakini mtu aliyeweza kuninunia miaka kumi na minne kwa katoni moja ya sabuni, hao watamnunua kwa nini? Watakuja na utepe wao, naye atawapa mgongo mpaka wazeeke.

Ila hatakipokea bila mimi kumwomba radhi, na miguu yangu... imekwisha safari. Nenda wewe, mkubwa. Ndiyo, wewe uliyewafungulia wale mlango. Mwambie nilisema uongo juu ya mkate wake. Mwambie na lile neno la fisi... nalirudisha. Atakataa. Kaa mlangoni pake, mpaka achoke kukataa.

Lakini kwanza inama, baba. Chini zaidi, mkono haufiki. Nilishtuka, lakini kushtuka si kulaani. Mungu akufungulie njia... akupe watoto watakaokwambia ukweli ukiwa bado na macho. Na wewe, mama, uliyenibeba mgongoni wiki hizi zote... usikose wa kukubeba. Nendeni na radhi zangu. Zote.

Nenda sasa.

Katibu, dirisha... liache wazi. Niinue kidogo. Amevuka? Mimi naona ukungu tu. Amebisha... Anasema nini? Haidhuru. Yuko mlangoni, amesimama.

Mwalimu... pale kwenye baraka uliandika wangapi? Wawili? Andika... watatu. Na yule wa ng'ambo. Lete wino... lete kidole changu.