Siku Bamama Balibeba Ingobyi

Bamama bangu ba chama chetu, amani ya Mungu iwe kwenu. Nimesimama hapa kwa miguu yangu miwili na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Bwana yangu alipokufa, shemeji yangu alisema shamba letu la migomba kule Gashonga ni la ukoo, mwanamuke hana kitu. Nikapeleka kesi kwa abunzi, bale bapatanishi ba kijiji. Siku ikapangwa. Kabla haijafika, nikateleza na kikapu cha mihogo, mguu ukavunjika. Njia ya kwetu ni matope, pikipiki haipandi. Na shemeji alikuwa anatangaza: "Asipofika, shamba ni langu."

Munajua kwetu mugonjwa anabebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka, na wenye kubeba ni banaume. Nikabaita. Mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwingine eti anaenda mjini Kamembe. Kumbe bote balikuwa kwa shemeji, banakunywa pombe yake! Nililia, ndugu zangu. Batoto bangu batakula wapi?

Asubuhi ya kesi nikasikia kelele mlangoni. Ni nyinyi. Nikamuuliza Maman Prezida, mkubwa wa chama chetu, "Banaume bako wapi?"

"Banaume ba nini? Mabega ni yao peke yao? Lala, maman, usitusumbue."

Nabaambia, mimi nilizania kutetea haki ya mwanamuke ni mikutano na makofi. Siku ile nikaona kazi yenyewe. Mmoja alisuka ngata za majani makavu ya migomba, bega lisichubuke. Mwingine alibaki na batoto. Bengine balienda kupalilia maharage ya benye kunibeba. Muuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, alifunga meza yake sokoni, akatupikia. Na nyinyi munateleza, munapokezana, munacheka! Bazee banasimama njiani, midomo wazi. Mimi kule juu nilitazama yale mabega. Eh, Mungu wangu! Sijaona kitu kikubwa kama kile.

Shemeji alipotuona alitazama chini. Nikajieleza nikiwa nimelala pale pale kwenye ingobyi. Abunzi bakasema shamba ni langu na la batoto bangu.

Asanteni. Asante hata kwake yeye aliyefua nguo za batoto bila kuambiwa. Mukisikia mwanamuke ameshinda kesi, muulize kwanza nani alimushikia mtoto.

Kesho mwenzetu huyu wa Bugarama anaenda kwa abunzi na kesi yake. Maman, batoto bako bote, bakuje kwangu.